Shukrani

Shukrani ni hisia ya mtu aliyetendewa jema, pamoja na maneno na matendo anayoyatumia kulikiri jema hilo. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, sawa na furaha na raha. Upendo ni la Kibantu, kutoka kitenzi kupenda. Hata "ahsante" (au "asante") imetoka katika Kiarabu, na maana yake ya awali ni "umetenda vema". Kwa hiyo anayeitamka haelezi kwanza anavyojisikia mwenyewe, bali anamsifu aliyemtendea.

Dini zenye wafuasi wengi nchini Tanzania huiagiza shukrani. Hadithi moja ya Mtume Muhammad hufundisha kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mungu, na Mtume Paulo aliwahimiza Wathesalonike kushukuru katika kila hali. Katika sharika za Kilutheri, sadaka ya shukrani inaweza kuwa kuku, mayai au mkungu wa ndizi, ambavyo hupigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada.

Katika saikolojia

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough wa Marekani walichapisha utafiti uliotajwa sana baadaye. Kundi moja la wanafunzi wa chuo liliandika kila wiki mambo hadi 5 ya kushukuru, kundi lingine liliandika kero, na la tatu matukio ya kawaida tu. Baada ya wiki 10, walioandika mambo ya kushukuru waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi na kuitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini zaidi. Zoezi hilo hufanywa na mtu peke yake, kwa kalamu na karatasi. Uswahilini shukrani kwa kawaida huhitaji watu wawili.

Katika maisha ya Dar es Salaam

Katika maeneo ya pembezoni mwa jiji, kama Mbagala na Chamazi upande wa Temeke au Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, wakazi wametoka mikoa mingi na mara nyingi jirani yuko karibu kuliko ndugu. Akipika maandazi au futari huleta sahani. Wengi huona haya kuirudisha tupu, basi hurudi siku nyingine na maembe mawili, au hata chumvi. Anayepita mahali mwenzake anapofanya kazi husema "pole na kazi", naye hujibu "asante". Hapo hakuna aliyepewa kitu. Kilichoshukuriwa ni kuonwa tu.

Msibani shukrani huwekewa kumbukumbu. Chini ya turubai hukaa mtu mwenye daftari, akiandika jina la kila anayechangia na kiasi alichotoa. Wageni huweza kuliona kama hesabu ya madeni, na kwa sehemu ni hivyo: familia hulifungua tena siku mwenzao anapofiwa, ili nayo isipungukiwe na heshima. Lakini aliyeleta kuni, au aliyekesha akiosha vyombo, haandikwi popote na bado hukumbukwa.

Shukrani na masimango

Kinyume cha shukrani si kunyamaza tu. Methali "asante ya punda ni mateke" humlenga anayelipa jema kwa ubaya. Upande wa pili yuko mtoaji anayesimanga, yaani anayemkumbusha mwenzake mbele za watu kwamba alimlisha, alimsomesha au alimkaribisha mjini. Kurani, katika sura ya pili, aya ya 264, inakataza kuiharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Onyo hilo lina uzito katika nyumba za kupanga, ambako mtu aweza kuishi miezi kadhaa kwa nduguye akitafuta kazi. Wapo wanaolala na njaa kuliko kuomba kwa anayejulikana kusimanga. Shukrani ikilazimishwa huwa utumwa, na mapenzi ya nduguye hayamfikii tena.

Uhusiano na furaha

Ripoti ya Dunia ya Furaha, inayotolewa tangu mwaka 2012, huwauliza watu wajiweke kwenye ngazi ya vidato 0 hadi 10, kidato cha juu kikiwa maisha bora kabisa wanayoweza kuyapata. Mwaka 2018 na 2019 Tanzania ilishika nafasi ya 153 kati ya nchi 156. Ni kosa kuisoma nafasi hiyo kana kwamba Watanzania hawajui kufurahi. Ni kosa vilevile kuipuuza kwa kusema kwamba maskini wetu wanacheka: anayejiweka kwenye kidato cha chini huenda anafikiria ajira, maji na matibabu, na kumshukuru jirani hakumwondolei haki ya kuyadai hayo. Kucheka na kufurahia siku iliyopita huulizwa kwa maswali mengine, nje ya ngazi hiyo.

Ripoti ya mwaka 2025 iliangalia pia ni milo mingapi ya mchana na ya jioni ambayo mtu alikula na mwenzake katika siku 7 zilizopita. Mahali watu wanapozunguka sinia moja, swali hilo hujibiwa upesi.