TAGI ZENYE BETRI: ULINZI WA ZANA ZA KAZI KATIKA MJI WA MPAKANI

Mji wa Gisenyi, katika Wilaya ya Rubavu, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, bega kwa bega na mji wa Goma. Mahali pengine nyumba ya Rwanda na nyumba ya Kongo hutenganishwa na njia nyembamba tu. Hali hiyo imeupatia mji biashara na wageni, lakini pia imewapa mafundi wake fadhaa ambayo wenzao wa Huye au Muhanga hawaijui sana. Grinda au keekee ya umeme ikitoweka karakanani wakati wa magharibi, haihitaji kusafiri usiku kucha ili iwe katika nchi nyingine.

Zana inapopotea, macho ya watu huwaelekea wale wale siku zote: mlinzi wa usiku, na mwanagenzi aliyeanza kazi juzi. Mara nyingi ushahidi haupo, yapo maneno tu. Mwisho wake bei ya zana hukatwa kidogo kidogo katika mshahara wa mtu ambaye pengine hakuigusa kamwe, na nyumbani kwake watoto hulipa kwa sahani iliyopungua. Kwa sababu hiyo, habari ya vidude vidogo vyenye betri ambavyo hufungwa juu ya zana ili pajulikane zilipo, na ambavyo mafundi huviita tagi, si habari ya wenye viwanda peke yao.

Kazi ya namna hii si ngeni katika nchi hii. Mwezi Mei mwaka 2017 faru weusi 18 waliletwa kutoka Afrika Kusini hadi Hifadhi ya Akagera, ambako faru alikuwa hajaonekana tangu mwaka 2007. Na mwaka huohuo hifadhi ilijengewa mtandao wa redio za nguvu ndogo za kufuatilia magari, vifaa na wanyama. Mwaka 2017 pia Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo ipitayo barabarani kutoka Mombasa. Lakiri yenye betri hufungwa mlangoni mwa kontena. Dereva akiacha njia aliyopangiwa, au mtu akiivunja lakiri, taarifa hufika kituoni. Yaliyofanyiwa faru na kontena sasa yaweza kufanyiwa nyundo ya umeme.

TAGI HAIJUI ILIPO

Tagi ya kawaida ina ganda la plastiki, redio ndogo ya Bluetooth, na betri bapa mfano wa sarafu ambayo mara nyingi imeandikwa CR2032. Tarakimu hizo zina maana: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Kila baada ya muda mfupi sana redio hupaza nambari yake hewani, kisha hulala. Kulala huko ndiko kunakoifanya betri ndogo idumu.

Hapana budi kulisema wazi jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka. Tagi ya namna hii haijui ilipo. Haisikii setilaiti yoyote, wala haina laini ya simu. Simu iliyo karibu ndiyo inayoisikia, nayo simu ndiyo inayojua mahali na kupeleka habari. Tagi ni kama mtoto aliyepotelewa na mama yake sokoni, ambaye analijua jina lake tu: ataliita na kuliita, na asipopita mtu mwenye masikio aijuaye njia, hataokolewa na sauti yake.

Basi swali la kwanza la mnunuzi lisiwe bei. Liwe hili: nani ataisikia? Tagi za AirTag zilizotolewa na kampuni ya Apple mwaka 2021 husikiwa na simu za iPhone. Zile za mtandao wa Google, ulioanza mwaka 2024, husikiwa na simu za Android, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa watu wengi zaidi katika nchi zetu. Watengenezaji wa zana, kama vile Milwaukee, DeWalt na Hilti, wana tagi zao wenyewe, imara na zisizoogopa vumbi; lakini hizo kwa kawaida husikiwa na simu zenye programu ya kampuni ileile. Katika jiji kama Chicago mafundi wenye programu hiyo ni wengi. Katika soko la Gisenyi zana yaweza kupita mbele ya simu mia moja isisikiwe hata na moja. Karakana inayochagua tagi hizo lazima ijitengenezee masikio yake: simu za wasimamizi wote, gari la kazi, na kipokezi cha kudumu kwenye lango.

Aidha, tagi za Apple na za Google zina tabia nyingine. Tangu Mei 2024 simu za pande zote mbili humwonya mtu anapofuatwa na tagi isiyo yake. Onyo hilo liliwekwa kwa ajili ya kuwalinda watu dhidi ya wanaowanyemelea, na ni haki tupu. Walakini mwizi naye hupata onyo lilelile. Kwa hiyo tagi hizo hufaa sana kwa zana iliyosahauliwa juu ya jukwaa la ujenzi au katika gari la fundi mwenzako, na hufaa kidogo kwa zana iliyochukuliwa na mtu mjanja. Ukweli ni kwamba zana nyingi hazijaibiwa, zimesahauliwa.

Kwa jenereta, kompresa na mashine ya kuchomelea, ipo tagi kubwa zaidi ambayo husikia setilaiti za GPS, zinazozunguka kimo cha kilomita kama 20,200, kisha hupeleka habari kwa laini ya simu. Hiyo hujua ilipo. Lakini betri yake hutaka kuchajiwa na laini yake hutaka kulipiwa, kwa hiyo hakuna atakayeifunga kwenye spana.

KUZIFUNGA NA KUZIANDIKISHA

Askari aliyewahi kupokea silaha ghalani anaijua kazi hii kuliko fundi. Silaha ina nambari. Nambari ina jina la mtu. Jina lina saini na saa. Tagi haiondoi daftari hilo. Hulisaidia lisiseme uongo.

Kabla ya kufungua hata pakiti moja, zana zote zitolewe nje na zihesabiwe, na nambari iliyopigwa kiwandani juu ya kila moja iandikwe. Karakana nyingi hupata aibu yake ya kwanza hapo, maana hugundua kuwa hazikujua kamwe zilikuwa na grinda ngapi. Kisha ifunguliwe akaunti ya karakana yenyewe. Hapa ndipo kosa kubwa hufanyika: mtunza ghala huandikisha tagi zote kwa simu yake na jina lake, na siku anapoacha kazi, ramani ya mali yote huondoka mfukoni mwake. Akaunti iwe ya kazi, na neno la siri lijulikane kwa watu wawili.

Kuiamsha tagi ni jambo la dakika chache. Simu iwashwe Bluetooth na huduma ya mahali, kijikaratasi cha plastiki kinachozuia betri kivutwe, tagi isogezwe karibu na simu, nayo programu itauliza jina. Lisiandikwe neno “grinda” tu. Liandikwe, mathalan, “Grinda 07, ghala la chini,” pamoja na nambari ya kiwandani, picha, na tarehe ya betri. Zana mbili zenye jina moja ni sawa na zana isiyo na jina.

Kuifunga kunataka akili zaidi. Chuma huzuia sauti ya redio, kwa hiyo tagi iliyofichwa ndani ya sanduku la bati lililofungwa ni bubu au karibu na bubu. Iwekwe juu ya plastiki ya zana, mbali na matundu ya kupitisha hewa, mbali na sehemu zinazozunguka, na mahali ambapo mkono haushiki. Gundi ya kawaida huachia upesi kwenye nyundo ya kubomolea kwa sababu ya mtikisiko. Huko yafaa ribiti, parafujo au gundi ya epoksi. Kwa mahali panapooshwa kwa maji kila siku, kama katika viwanda vya vinywaji, itafutwe tagi yenye alama IP67, ambayo maana yake ni kwamba vumbi haliingii na huvumilia kuzamishwa mita moja ndani ya maji kwa nusu saa.

Baada ya hapo ijaribiwe. Msimamizi aifiche zana moja, na mlinzi wa usiku apewe simu aitafute. Watengenezaji huandika mita 30 na zaidi, lakini kipimo hicho ni cha uwanja mtupu. Kuta za mawe ya volkano na mabati hukipunguza sana, na ni vema mlinzi ayajue hayo mchana kabla hayajamkuta usiku.

Betri nayo iwekewe hesabu. CR2032 hubeba takribani miliampea-saa 220. Tagi ikitumia wastani wa mikroampea 20, hiyo ni saa 11,000, yaani kama miezi 15. Ikipangwa ipaze sauti mara mbili zaidi, muda hukaribia nusu. Ni afadhali kubadilisha betri zote siku moja kila mwaka kuliko kungoja kila tagi ife kwa wakati wake.

Jambo moja ni la watu wa Rubavu hasa. Gesi ya methani ya Ziwa Kivu ilianza kutolewa Rubona mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia cha Bralirwa, na leo Busoro kuna mtambo uliokusudiwa kuzalisha megawati 56 za umeme kwa gesi hiyo. Methani ikichanganyika na hewa kati ya asilimia 5 na 15 huweza kulipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo tagi ya dukani, kama ilivyo simu ya kawaida, isiingizwe katika eneo la gesi. Huko huruhusiwa tu vifaa vyenye hati ya kuwa haviwezi kuwasha gesi, navyo bei yake ni nyingine kabisa.

NUKTA KWENYE RAMANI SI SHAHIDI

Ikitokea zana imeibiwa kweli, na ramani ikaonyesha nukta, hapo ndipo patakiwapo utulivu. Nukta ile si mahali pa tagi. Ni mahali pa simu iliyoisikia, na saa iliyoandikwa pembeni ni saa ya kusikiwa, si ya sasa. Kosa la mita 30 si kitu katika mji mwingine. Gisenyi, mita 30 zaweza kuwa tofauti ya nchi mbili, au tofauti ya nyumba ya mwizi na ya mjane jirani yake. Mwenye zana asiende kugonga mlango wa mtu usiku na kundi la vijana. Achukue picha ya ramani yenye tarehe na saa, pamoja na nambari ya kiwandani na stakabadhi ya kununulia, apeleke kwa RIB, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, au kituo cha polisi kilicho karibu. Nambari ya kiwandani ndiyo itakayothibitisha kuwa mali ni yake. Tagi yaweza kubanduliwa na kutupwa ndani ya lori la viazi.

Kuna upande wa pili wa haki. Zana aliyopewa fundi aende nayo nyumbani humfuata hadi anapolala, anaposali na anapokunywa bia yake. Sheria nambari 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda data binafsi na faragha ya mtu katika Rwanda. Kumfungia mfanyakazi tagi kwa siri ni jambo baya hata kabla ya kufikiria sheria. Aambiwe, na ilivyo bora aandikiwe: kinachofuatwa ni zana, nani anaitazama ramani, na kwa saa zipi. Mfanyakazi aliyeambiwa aghalabu huipenda tagi, maana siku grinda itakapokosekana, daftari na ramani vitaonyesha ilipoonekana mara ya mwisho na ilikuwa mikononi mwa nani. Mlinzi ambaye kipokezi cha langoni hakikusikia kitu zamu yake nzima ana la kusema mbele ya mwajiri kuliko kuapa tu.

BETRI NA MTOTO

Habari hii inafika nyumbani kwa mlango mwingine, maana betri hizi huchukuliwa mfukoni na kuachwa mezani. Mtoto akimeza betri ya sarafu, hatari si kumpalia tu. Betri ikikwama kooni hupitisha umeme katika unyevu wa mwili na kuunguza nyama. Madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa mbili. Betri iliyokwisha nguvu kwa tagi bado ina nguvu ya kumuunguza mtoto. Dalili hufanana na kikohozi au mafua: mate yanayotiririka, kukataa chakula, kulia bila sababu.

Mzazi anayeshuku asingoje dalili. Ampeleke mtoto hospitali mara moja na aseme wazi kuwa ni betri, ili apigwe picha ya eksirei. Asimtapishe. Ikiwa mtoto ametimiza mwaka mmoja, betri imemezwa ndani ya saa 12 zilizopita, anaweza kumeza, na asali ipo mkononi, apewe vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, si zaidi ya mara sita, huku wakiwa njiani. Asali isitafutwe dukani kwanza, wala asipewe mtoto asiyetimiza mwaka.

Betri zilizokwisha zifungwe utepe pande zote mbili, ziwekwe katika chombo chenye kifuniko cha kukazwa, juu ya kabati, hadi ziwe za kutosha kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa taka za vifaa vya umeme, ambazo kiwanda chake kiko Bugesera. Chupa ya dawa ya kikohozi haifai kwa kazi hiyo. Mtoto anaijua.