Fahamu timu ya chuo cha jeshi iliyobeba ubingwa wa soka Marekani mwaka 1964

Desemba 1964, vijana wa Chuo cha Jeshi la Majini cha Marekani, maarufu kama Navy, waliichapa Michigan State bao 1-0 na kutwaa ubingwa wa soka la wanaume la vyuo vikuu. Hadi leo, hilo ndilo taji pekee la NCAA kwa timu hiyo. NCAA ndicho chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo.

Ila hawa hawakuwa wanafunzi wa kawaida. Kila mmoja alikuwa ameshakula kiapo, na baada ya kuhitimu alisubiriwa na jeshi, si klabu.

Walimvua nani ubingwa?

NCAA ilianza kuandaa mashindano hayo mwaka 1959, na Saint Louis wakayageuza kama mali yao. Walibeba taji mwaka 1959, 1960, 1962 na 1963.

Fainali ya 1963 ndiyo iliyowauma Navy, kwani walifika na kufungwa na Saint Louis hao hao. Mwaka mmoja baadaye wakakutana tena kwenye nusu fainali, na safari hii Navy wakalipa kisasi.

Nusu fainali ya pili iliwakutanisha Michigan State na Army, timu ya chuo cha jeshi la nchi kavu cha West Point. Army wakatolewa. Nusura fainali iwe ya wanajeshi watupu!

Mechi ya mwisho ilipigwa Providence, jimbo la Rhode Island. Bao moja likatosha, na Navy wakamaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Mwaka 1965 Saint Louis wakarudi kwenye kiti chao.

Kocha alikuwa nani?

Ni Glenn Warner, aliyeinoa Navy tangu miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970. Uwanja wa timu hiyo mjini Annapolis, jimbo la Maryland, umepewa jina lake.

Baada ya kombe, vita

Agosti 1964, miezi minne tu kabla ya fainali, lilitokea tukio la Ghuba ya Tonkin lililoiingiza Marekani zaidi katika vita vya Vietnam. Machi 1965, vikosi vya kwanza vya mapigano vya nchi kavu vya Marekani vilitua Da Nang.

Kwa hiyo mabingwa waliokuwa mwaka wa mwisho walihitimu Juni 1965 wakiwa maofisa wa nchi iliyokuwa inaingia vitani. Sherehe za kombe hazikudumu sana.

Kwa nini ni vigumu kurudia?

Vyuo vingi vya Marekani siku hizi husajili vipaji kutoka kila pembe ya dunia. Navy hawana uhuru huo. Anayetaka kujiunga lazima awe raia wa Marekani, asiwe na ndoa, na apate pendekezo, mara nyingi la mbunge wa Congress. Wageni wapo, lakini hutumwa na serikali zao na hawaruhusiwi kuzidi 60 kwa wakati mmoja chuo kizima.

Masomo ni bure na mwanafunzi hulipwa mshahara. Deni lake ni utumishi wa jeshi usiopungua miaka 5 baada ya kuhitimu, miaka ambayo mchezaji mwingine angekuwa anatafuta mkataba.

Mfano ni beki Joe Greenspan, aliyechaguliwa na Colorado Rapids ya Ligi Kuu ya Marekani, MLS, mwaka 2015. Kucheza alicheza, lakini ilimbidi agawe muda wake kati ya soka na kazi ya jeshi.

Mechi wasiyokubali kupoteza

Hata msimu ukienda kombo, kuna mtu mmoja ambaye Navy hawataki awafunge: Army. Tangu 2012, watani hao wamekuwa wakikutana kugombea kombe lao kwenye uwanja wa Philadelphia Union huko Chester, Pennsylvania.

Kwa dakika 90 ni maadui wakubwa. Wakihitimu, wote wanatumikia bendera moja.