Mkonge Hauna Kemia Moja

Katika ukanda wa Mkumbara, chini ya milima ya Usambara Magharibi wilayani Korogwe, thamani ya mkonge hupimwa kwa singa. Lakini singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Nyama ya jani na majimaji hutupwa nje ya korona, mashine inayotenganisha singa na jani, na humo zimo kemikali zinazotofautiana kwa aina ya mkonge.

Aina kuu ni mbili. Agave sisalana ililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche 62 tu ilinusurika safari. Nyingine ni chotara 11648, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, kutokana na Agave amaniensis na Agave angustifolia. Sisalana hutoa majani 200 hadi 250 maishani mwake; chotara hupita 500, ingawa hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa pundamilia.

Zote mbili zina saponini, kemikali zinazoyatia povu majimaji na kuchangia muwasho unaowasumbua wakataji. Saponini ikiondolewa sukari zake, hubaki sapojenini. Katika sisalana iliyo muhimu ni hekojenini. Chotara, kwa upande wake, inajulikana kwa tigojenini. Molekuli hizi zinafanana, ila hekojenini ina oksijeni ya ziada kwenye kaboni ya 12. Oksijeni hiyo ndiyo yenye bei. Dawa ya kotisoni inahitaji oksijeni kwenye kaboni ya 11, na kuihamisha hatua moja ni rahisi kuliko kuipandikiza mahali ambapo haikuwapo.

Ndiyo maana mwaka 1951 watafiti wa Uingereza, akiwemo John Cornforth aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1975, walitangaza kwamba mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki ni chanzo cha hekojenini. Majimaji yaliachwa yachachuke, tope likatuama, kisha likachemshwa kwa asidi ili sukari zitengane na sapojenini. Nchini China, ambako chotara 11648 hulimwa sana, mabaki yake hutumika kupata tigojenini, nayo ni malighafi ya dawa za steroidi.

Aina si jambo pekee. Mkonge hupandwa kwa maotea na vikonyo, hivyo miche ya aina moja karibu yote ina urithi uleule. Tofauti zinazobaki ndani ya shamba hutokana zaidi na umri wa jani, udongo na msimu. Katika sisalana, hekojenini huongezeka jani linapokomaa.

Kwa hiyo, anayefikiria kuuza mabaki kwa kiwanda cha dawa asichanganye majani ya sisalana na ya chotara katika shimo moja. Atenganishe aina, aandike umri wa majani, na apeleke sampuli maabara kabla ya kukubali bei.