Namba za Kwenye Boksi la Taa ya Kuvulia

Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi, ni mji unaoishi kwa kazi ya usiku. Ndagala, yule samaki mdogo ambaye wanasayansi humwita Stolothrissa tanganicae, mchana hujificha kwenye kina cha ziwa, na giza likiingia hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Samaki aitwaye mukeke naye hupanda akimfuata ndagala. Ndiyo maana kutoka Rumonge hadi Kabonga, karibu na mpaka wa Tanzania, mvuvi hutoka jioni, hutundika taa juu ya maji, husubiri samaki wakusanyike, kisha huinua wavu. Mababu walifanya hivyo kwa moto wa kuni kwenye mtumbwi na wavu wa mkono uitwao lusenga. Baadaye zikaja karabai za mafuta ya taa. Leo ni taa za LED zenye betri, zinazoingia kwa barabara kutoka Bujumbura au kwa boti kutoka Kigoma. Chombo kimebadilika mara mbili, lakini chambo ni kilekile: mwanga.

Kwa hiyo taa ikidanganya, usiku mzima wa watu wanne au watano kwenye chombo umepotea, pamoja na chakula chao na deni la aliyewakopesha. Mvuvi akirudi dukani na taa mkononi anasema boksi liliahidi muda wa saa 12, nayo imefifia kabla ya usiku wa manane. Muuzaji anajibu kwamba hukuichaji vizuri, au umeiingiza maji. Wakiitwa bashingantahe, wazee waliozoea kesi za mipaka ya mashamba na madeni, ushahidi wanaowekewa mbele ni karatasi ngumu yenye namba. Na namba hizo, mara nyingi, haziwezi kuhukumiwa na mtu yeyote, kwa sababu hazisemi kilichopimwa ni nini. Hapo ndipo penye tatizo, na nataka tulitazame kwa undani.

Tuanze na wati, maana ndiyo namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Wati ni kiasi cha umeme ambacho taa inakula, wala si mwanga inaotoa. Mwanga unaotoka wote kwa jumla hupimwa kwa lumeni. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Maumbile yenyewe yana dari yake: hata kama umeme wote ungegeuka kuwa mwanga bila kupotea hata chembe, wati moja isingeweza kuzidi lumeni 683, na hizo ni za mwanga wa kijani pekee, ule ambao jicho la binadamu hulipokea vizuri kuliko mwingine wowote. Sasa chukua boksi lililoandikwa wati 10 na lumeni 10,000. Gawanya: lumeni 1,000 kwa wati. Huhitaji maabara kulikataa boksi hilo. Hesabu ya darasa la nne inatosha. Kununua taa kwa namba pekee, kwa kweli, si jambo la jana. Karabai maarufu ya Petromax ilibeba jina HK500, yaani mishumaa 500 kwa kipimo cha kale cha Kijerumani, na watu waliendelea kuinunua kwa namba hiyo hata baada ya kipimo chenyewe kuachwa na dunia kuhamia kwenye kandela.

Udanganyifu mgumu zaidi kuugundua uko kwenye lenzi. Kile kioo, au mara nyingi plastiki angavu, kilicho mbele ya taa hakiongezi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kuukusanya na kuuelekeza. Chukua taa ya lumeni 200. Ukiutawanya mwanga huo sawasawa upande wote wa mbele, kipimo kilichowekwa umbali wa mita moja kitasoma laksi 32 hivi. Laksi ni mwanga unaoangukia eneo la mita moja ya mraba. Weka lenzi kali inayoubana mwanga uleule kuwa mshale mwembamba, na kipimo kilekile kinaweza kusoma laksi 10,000 katikati ya mshale. Hakuna kilichoongezeka, ila muuzaji sasa ana namba tamu ya kuandika. Akiandika laksi bila kusema umbali wala upana wa mshale, hajasema uongo ambao unaweza kumshika nao, lakini amekuuzia kitu usichokihitaji. Tochi ya mlinzi inataka mshale. Taa ya kuitia ndagala inataka mwanga mpana unaoshuka majini kuzunguka chombo. Ziwa Tanganyika lina maji maangavu mno, na mwanga hushuka mbali ndani yake. Mwanga uliokusanywa kwenye doa moja unaacha sehemu kubwa ya wavu gizani.

Vivyo hivyo na umbali. Boksi la tochi likisema mita 1,000, namba hiyo ina maana maalumu katika kiwango cha Marekani kiitwacho FL1, kilichotolewa mwaka 2009 na ambacho viwanda vingi vya tochi hukitaja. Ni umbali ambao mwanga umebaki robo ya laksi tu, karibu sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Na hakuna anayeijua mbalamwezi kuliko mvuvi wa Rumonge, ambaye mwezi ukiwa mpevu hulaza vyombo kwa siku kadhaa kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima na samaki hawaoni haja ya kuja kwenye taa yake. Kwa hiyo ile mita 1,000, hata ikiwa ya kweli kabisa, inasema kwamba huko mwisho mwanga ni ule ambao kwa kazi yake ni kama haupo.

Muda wa kuwaka ndio chanzo cha ugomvi mwingi, na hapa watu wawili wanaweza kugombana wote wakiwa wakweli. Kiwango kilekile cha FL1 huhesabu muda tangu taa inapowashwa hadi mwanga wake unaposhuka na kubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vidogo vya sola, kile kilichokua kutokana na mpango wa Benki ya Dunia wa Lighting Africa na ambacho sasa kinasimamiwa chini ya jina la VeraSol, huacha kuhesabu mwanga unapofika asilimia 70. Taa moja, betri moja, lakini boksi la kwanza litaandika muda mrefu kuliko la pili, na yote mawili yana kiwango cha kujitetea nacho. Mvuvi anayesoma muda wa saa 12 anaelewa mwanga kamili hadi alfajiri. Aliyeandika huenda alikuwa akihesabu hadi taa ibaki na sehemu moja ya kumi. Ninaamini kwa dhati kwamba kwa kazi ya ziwani kipimo cha asilimia 70 ndicho pekee cha haki, na kila anayeleta taa Burundi angepaswa kulazimishwa kukiandika. Taa iliyobaki na sehemu ya kumi ya mwanga wake haiiti samaki, hata kama bado inawaka.

Mpango huohuo wa VeraSol una kanuni nyingine ninayoipenda: kinachoandikwa kwenye boksi kisitofautiane na kinachopimwa kwa zaidi ya asilimia 15. Taa huwashwa maabara kwa muda wa saa 2,000 kuona inafifia kiasi gani. Kwa mvuvi anayewasha kwa saa kumi kila usiku, hizo ni sawa na usiku 200. Umuhimu wa vipimo hivi ulionekana nchini Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000, Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills walipowafuatilia watumiaji wa tochi za LED za bei rahisi: walio wengi walipata hitilafu ndani ya miezi sita. Madhara yake hayakuishia kwenye tochi. Aliyedanganywa na LED ya kwanza huogopa ya pili, hata ikiwa nzuri, na hurudi kwenye mafuta ya taa.

Kwenye betri, uongo una uzito wa kushikika. Ile betri ya mviringo ya lithiamu iitwayo 18650, kwa kuwa ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ndani ya nafasi hiyo kwa kawaida haibebi zaidi ya miliampea-saa 3,500 hivi kwa utaalamu wa leo. Bado masoko yetu yamejaa zilizoandikwa 9,800 au 9,900. Halisi huwa na gramu 45 au zaidi kidogo. Ya bandia mara nyingi ni nyepesi waziwazi. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 na ampea-saa 7 inatakiwa kuvuka kilo 2. Mizani inayopimia ndagala mwaloni inatosha kuipima betri hiyo kabla ya kulipa. Kisha fanya hesabu: volti 12 mara ampea-saa 7 ni wati-saa 84. Ukiweka taa ya wati 30, kwa karatasi utapata muda usiofika saa tatu, na kwa kweli pungufu ya hapo, kwa sababu ile 7 imepimwa kwa kuutoa umeme polepole kwa saa 20. Ukiuziwa taa na betri hiyo pamoja, boksi likisema usiku mzima kwa mwanga kamili, umeshajua.

Neno la kuzuia maji lina mtego wake pia. Kama boksi lina herufi IP na tarakimu mbili, ya pili inahusu maji: 4 ni kurushiwa matone, 7 ni kuzamishwa mita moja kwa dakika 30. Pasipo tarakimu, neno hilo halimfungi mtu yeyote.

Kuna jambo lingine ambalo waandishi wa dhamana huko viwandani hawakulifikiria kamwe. Mwaka 2024 Burundi na majirani zake walisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Dhamana ya miezi sita inaendelea kuhesabu huku taa imetundikwa ukutani, na nusu yake inaweza kuisha bila kazi. Mbaya zaidi, betri ya risasi ikilala miezi mitatu bila chaji huharibika ndani, na ziwa likifunguliwa muuzaji na mnunuzi wanagombania kasoro ambayo kila mmoja anaamini ni ya mwenzake. Betri ichajiwe ijae kabla ya kufungwa kwa ziwa, na irudishiwe chaji kila mwezi.

Sheria haikosekani. Kanuni za mikataba zilizorithiwa kutoka amri ya 30 Julai 1888 zinamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika. Burundi ina ofisi yake ya viwango, BBN, na tangu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 imo kwenye mfumo wa sheria ya viwango ya mwaka 2006, unaoruhusu alama ya ubora ya nchi moja kutambuliwa na nyingine. Kinachokosekana ni kipimo karibu na ziwa. Kipima-laksi ni kifaa cha kushika mkononi, na chama cha wavuvi kinaweza kumudu kimoja kwa mchango. Vipimo viwili vinatosha: mwanga taa inapowashwa betri ikiwa imejaa, na muda hadi mwanga ushuke chini ya asilimia 70.

Mpaka kifaa hicho kipatikane, mvuvi wa Nyanza-Lac anayo risiti. Kabla ya kutoa pesa amwombe muuzaji aandike kwa kalamu, kwa Kirundi au Kiswahili, mambo manne: lumeni ngapi, uzito wa betri, muda wa kuwaka hadi asilimia 70, na kwamba miezi ya ziwa kufungwa haihesabiwi kwenye dhamana. Muuzaji mkweli ataandika. Anayekataa, afadhali ajulikane hapo dukani kuliko katikati ya ziwa.