Kabla ya kukwangua rangi ya nyumba ya kupangisha
Sisi wenye vyumba vya kupangisha hapa Mbuba, mpangaji akihama tunakwangua rangi ya zamani kwa msasa, halafu tunapaka mpya. Hapo pana hatari. Rangi nyingi za mafuta za zamani, hasa za njano na nyekundu, zilitiwa madini ya risasi, yale yale ya betri za gari. Ukikwangua pakavu, vumbi linatua sakafuni. Mtoto anatambaa, anatia vidole mdomoni. Risasi huharibu ubongo wake, tena haugui siku hiyo. Baadaye shuleni hashiki masomo, nasi twadhani ni mvivu tu!

Marekani ilikataza rangi hiyo majumbani mwaka 1978, na katika miji kadhaa ya huko nyumba za kupangisha hukaguliwa. Kwetu mkaguzi ni sisi wenyewe. Tuanze na milango na madirisha, maana rangi hubanduka pale panapofunguliwa na kufungwa kila siku. Kama haijabanduka, iache, paka mpya juu yake. Kama imebanduka, lowesha kwanza, ndipo ukwangue. Usiichome moto. Watoto na mama wajawazito wakae mbali. Usifagie, pangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Magamba yake yafunge mfukoni, usiyamwage migombani.