Kikulacho ki Nguoni Mwako

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huo unastahili kukumbukwa kila inapotajwa Afrika ya Kusini, nchi ambayo ukombozi wake sisi Watanzania tuliuhesabu kuwa ni sehemu ya ukombozi wetu. Kongwa na Mazimbu ni mahali petu, lakini majina hayo yamo pia katika historia ya wapigania uhuru wa nchi hiyo. Kwa hiyo tunayo haki ya kuuliza ni nini kilichousibu uhuru huo uliopatikana mwaka 1994.

Jibu limetolewa kinaganaga na Tume ya Jaji Raymond Zondo, iliyoundwa mwaka 2018 na kukamilisha ripoti yake Juni 2022. Tume hiyo ilieleza jinsi ndugu watatu wa familia ya Gupta, wafanyabiashara waliotoka India, walivyojisogeza karibu na Rais Jacob Zuma mpaka wakawa na sauti katika uteuzi wa mawaziri na wakuu wa mashirika ya umma. Bwana Mcebisi Jonas, aliyekuwa Naibu Waziri wa Fedha, alisema kwamba mwaka 2015 aliahidiwa randi milioni 600 endapo angekubali uwaziri na kuwatumikia. Akakataa. Desemba mwaka huo Waziri wa Fedha, Bwana Nhlanhla Nene, alifukuzwa. Randi ikaporomoka, na mrithi wake akaondolewa baada ya siku nne. Bwana Zuma na akina Gupta wamekanusha kutenda kosa lolote.

Lakini ni kosa kudhani kwamba familia moja yaweza peke yake kuiteka dola. Uporaji wa namna hii huhitaji kalamu, mihuri na heshima ya makampuni makubwa. Mwaka 2014 shirika la reli na bandari, Transnet, lilitia saini mikataba ya kununua vichwa vya treni 1,064. Makadirio ya randi bilioni 38.6 yakapanda hadi bilioni 54.5. Mamlaka ya Mapato, iliyokuwa fahari ya nchi, ilivurugwa kwa mpango ambao kampuni ya ushauri ya Bain ilishiriki kuubuni, kama ilivyobainishwa na Tume ya Jaji Robert Nugent mwaka 2018. Desemba 2024 tawi la Afrika la kampuni ya McKinsey lilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza shauri la hongo zilizohusu Transnet na shirika la umeme, Eskom. Hawa si wezi wa kuruka ukuta usiku. Ni mabwana waliovaa suti, walioingia kwa mlango wa mbele na kuandikiwa hundi.

Na walinzi walikuwa wapi? Bunge lilikuwa na mamlaka ya kuwaita mawaziri, kudai mikataba na kumwondoa Rais. Hata hivyo, kwa miaka mingi wabunge wa chama tawala waliweka nidhamu ya chama mbele ya kiapo chao. Agosti 8, 2017, hoja ya kutokuwa na imani na Rais ilipigiwa kura ya siri: 177 waliiunga mkono, 198 waliipinga. Wakati huo siri ilikwisha kufichuka. Ripoti ya Bibi Thuli Madonsela, Mlinzi wa Umma, ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, na magazeti yalikuwa yakichapisha barua za akina Gupta. Bwana Zuma alijiuzulu Februari 2018, baada ya chama chake kumtaka aondoke.

Gharama ya kimya hicho imelipwa na mnyonge. Imelipwa na fundi aliyefunga karakana kwa kukosa umeme, na mkulima ambaye mazao yake hayakupata treni. Nayo demokrasia yenyewe imelipa. Mwaka 1999 karibu asilimia 89 ya walioandikishwa walipiga kura. Mwaka 2024 hawakufika asilimia 60. Watu waliopanga foleni ya siku nzima mwaka 1994 wamezaa watoto wasioona sababu ya kupanga foleni. Hasara hiyo hakuna faini iwezayo kuifidia.

Hatusemi kwamba yote yamepotea. Mahakama zilisimama imara, na waandishi wa habari hawakunyamaza. Lakini akina Gupta wako nje ya nchi, na mwaka 2023 mahakama ya Falme za Kiarabu ilikataa kuwarejesha. Kwa kampuni tajiri, faini ni gharama ya biashara kama kodi ya pango.

Fundisho kwetu ni bayana. Mkataba wa mali ya umma usifanywe siri kwa umma. Mshauri wa kigeni alipwe kwa kazi inayoonekana, naye ashitakiwe kama mwizi mwingine yeyote akikutwa na hatia. Juu ya yote, mbunge akumbuke kwamba chama kilimteua, lakini ni wananchi waliompa kiti. Tamaa ya mfanyabiashara haitakwisha duniani. Ndiyo maana taifa huweka walinzi. Mlinzi anayefumba macho amekwisha kufungua mlango.