Istilahi za Matairi ya Pikipiki: Mafunzo kutoka Mamba

Neno likikosewa katika hadithi, msomaji hupoteza ladha tu. Likikosewa katika maelezo ya chombo cha moto, mtu aweza kupoteza mguu au roho. Makala haya yanakusudia kueleza dhana chache zinazohusu tairi la pikipiki, na kupendekeza maneno yafaayo kuzitaja, ili mfasiri, mwalimu na mtumishi wa Serikali wasiachane njia na mwananchi anayepanda chombo hicho kila siku.

Mwandishi alifika Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, akiwa na kijitabu cha maelezo ya matairi kilichokwisha kufasiriwa. Kijiweni pa bodaboda alimsomea mwendeshaji mmoja sentensi hii: “Pima kina cha kikanyagio kila juma.” Kijana yule aliinama, akatazama chuma anachowekea mguu, akasema, “Ndugu yangu, hiki hakina kina. Hiki ni chuma.” Alipoulizwa yeye hutazama nini katika tairi ili ajue kama bado linafaa, alijibu bila kusita: “Natazama kashata. Zikiisha, tairi limekuwa kipara.”

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Mfasiri alilivunja neno la kigeni akapata kitenzi “kukanyaga”, akaunda nomino ambayo tayari ina maana nyingine. Sarufi yake ilikuwa safi, lakini maelezo yake hayakumfikia aliyekusudiwa. Neno lililotakiwa lilikuwapo kijiweni.

Kashata na mifereji

Kashata, kama ijulikanavyo, ni kitafunio cha nazi au karanga kinachokatwa vipande vipande. Vinundu vya mpira vilivyojitokeza juu ya tairi hufanana na vipande hivyo, na waendeshaji wamepanua maana ya neno kwa haki. Nafasi zilizo kati ya kashata twapendekeza ziitwe mifereji, kwa kuwa ndiyo kazi yake: juu ya lami yenye maji, mifereji huyapa maji njia ya kutokea, mpira ukagusa barabara. Mifereji ikikosa kina, maji hukaa kati ya tairi na lami, na pikipiki huteleza. Basi sentensi ile ingesomeka: “Pima kina cha mifereji ya tairi kila juma.”

Katika bonde la Rukwa mifereji ina kazi ya pili. Wakati wa masika udongo mweusi hunata na kujaa kati ya kashata. Kashata zikiwa kubwa na zenye nafasi pana, tope hutupwa nje gurudumu linapozunguka. Zikiwa ndogo na zilizobanana, tairi huvaa tope na kuwa kama kipara, hata likiwa jipya. Lakini tairi hilo hilo lenye kashata kubwa, likipandishwa juu ya lami, hugusa barabara kwa eneo dogo, hutetemesha usukani na kulika upesi. Mwendeshaji atokaye Mamba kwenda Mpanda au Sumbawanga hukutana na vumbi, tope na lami katika safari moja. Kila tairi analochagua ni maafikiano.

Tairi la mwendo na masafa

Maafikiano ya namna hiyo yapo pia kwa waendeshaji wa pikipiki kubwa za nchi za nje. Wao wanataka tairi lishike barabara pikipiki inapolala kwenye kona, hata mvua ikinyesha, na papo hapo lidumu safari ya maelfu ya kilomita. Mpira laini hushika vizuri lakini hulika upesi. Mpira mgumu hudumu lakini hushika kwa shida. Zaidi ya hayo, anayekwenda muda mrefu katika barabara iliyonyooka hulila tairi katikati tu. Uso uliokuwa wa duara huwa bapa, nao hufanya ukingo kila upande. Anapolaza pikipiki kwenye kona, kwanza inakataa, kisha inaanguka kwa ghafula kupita ukingo ule. Watengenezaji wengi wamejibu tatizo hili kwa kutia mpira mgumu katikati na mpira laini mabegani mwa tairi.

Kiingereza huliita tairi hilo kwa maneno mawili ya michezo na utalii. Tukifuata neno kwa neno tutapata “tairi la utalii wa michezo”, na msomaji wa Katavi atadhani ni la gari la kuwapeleka wageni kutazama viboko mbugani. Dhana yenyewe haihusu michezo wala watalii, bali kwenda kasi na kwenda mbali. Kwa hiyo twapendekeza tairi la mwendo na masafa. Ni kweli kwamba wanafizikia hulitumia neno “masafa” kwa maana nyingine, lakini muktadha wa safari hauruhusu utata.

Kushika kwenyewe kuitwe mshiko, kwani waendeshaji husema tairi “linashika” au “halishiki”. Nacho kile kinachoitwa kitaalamu mchanganyiko wa mpira kiitwe mpira mgumu au mpira laini. Si kila istilahi inahitaji kubuniwa.

Nyuzi za ndani

Tangu John Boyd Dunlop alipotengeneza tairi lake la upepo huko Belfast mwaka 1887, tairi limekuwa na nyuzi ndani ya mpira. Katika aina ya zamani, ambayo bado ndiyo ya kawaida kwa pikipiki zetu ndogo, tabaka za nyuzi hupishana kwa kukata hanamu. Ubavu wa tairi hilo ni mgumu, nalo huvumilia mizigo na mawe. Katika aina nyingine nyuzi hutoka ukingo mmoja hadi wa pili kwa kukingama moja kwa moja; ubavu wake hunepa, halipati joto jingi katika mwendo mkali, na ndilo litumikalo sana kwa pikipiki kubwa. Twapendekeza tairi la nyuzi mshazari kwa la kwanza, na tairi la nyuzi mkingamo kwa la pili.

Kusoma ubavu wa tairi

Mwalimu wa udereva hana budi kufundisha usomaji wa ubavu, maana hapo ndipo penye hatari isiyoonekana. Maandishi 3.00-18 maana yake ni upana wa inchi 3 na ringi ya inchi 18. Maandishi 120/70 ZR 17 ni upana wa milimita 120, kimo cha asilimia 70 ya upana huo, na ringi ya inchi 17. Herufi R huonyesha nyuzi mkingamo. Tarakimu nne zilizo pamoja, kama 2319, si bei wala namba ya duka: tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019.

Kisha kuna kipimo kama 47P. Herufi P ni mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Namba 47 ni uzito usiozidi kilo 175 juu ya tairi hilo moja. Tuchukue mfano: gurudumu la nyuma likibeba kilo 60 za pikipiki yenyewe, kilo 40 za dereva na kilo 65 za abiria mmoja, jumla ni 165. Zimebaki kilo 10. Abiria wa pili, ambaye kijiweni humfanya mwenzake kuwa “mshikaki”, amekwisha kuvuka kipimo kabla hajapakata mfuko wake wa mpunga. Namba hii twapendekeza iitwe namba ya mzigo, na herufi ile herufi ya mwendo.

Hitimisho

Neno “bodaboda” lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa waendesha baiskeli, wala halikutoka katika ofisi yoyote. Leo liko katika vinywa vya watu wote. Wajibu wa mtaalamu wa istilahi ni kwenda yalipo maneno, kuyapima, kuyasanifu yale yafaayo, na kubuni pale tu penye pengo. Tukienda kinyume, tutakuwa na vitabu sahihi visivyomwokoa mtu.

Wasomaji wanaombwa kutuletea maneno yatumikayo sehemu zao kwa dhana hizi, hasa kwa tairi lililolika katikati, ambalo hata kijiwe cha Mamba hakikuwa na neno moja la kulitaja.